Mlango wa pili wa bweni, kitabu cha viboko na mengine mliyouliza

Barua na ujumbe wenu wa safari hii umenikuta shule zimefunguliwa, na karibu kila mmoja anauliza jambo lilelile kwa namna yake: mwanangu yuko salama huko nilikompeleka? Nimechagua maswali machache. Majina ya watu na ya shule nimeyaondoa, kwa sababu wengi wenu watoto bado wanasoma hapohapo. Nitataja sheria pale inapobidi, lakini zaidi nitawaelekeza mlango wa kubisha. Miaka niliyokaa na kazi hii ya uwakili hapa Mbeya, na kabla yake ualimu, imenionyesha kwamba sheria za kumlinda mwanafunzi nchi hii tunazo nyingi. Mzazi wa kuziulizia kwa maandishi ndiye haba.

Shikamoo Wakili. Binti yangu ameanza kidato cha kwanza shule ya bweni. Nilipompeleka niliona madirisha yote ya bweni yana nondo. Ananiambia saa nne usiku matroni anafunga kofuli kwa nje mpaka alfajiri. Nilipouliza nikajibiwa kuwa ni kwa usalama wao, wavulana na wezi wasiingie. Mimi sikusoma sana, nitawaambia nini watu wa shule? – Mama wa kidato cha kwanza, Mafinga

Marahaba mwanangu. Hapa hakuhitajiki kisomo. Ulichokiona kwa macho yako kinatosha, na ulikuwa na haki ya kushtuka.

Wewe ni mtu wa Iringa, Idodi unaijua. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, wasichana 12 wakafa. Chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya taa kuzimwa. Miaka 15 kabla yake, Juni 1994, Shauritanga kule Rombo waliteketea wasichana 42. Septemba 2020, Kyerwa mkoani Kagera, watoto 10 wa shule ya msingi walifia bwenini. Nawatajia hawa kwa sababu kila nikienda shuleni kuzungumzia nondo na kofuli naambiwa, "Wakili, hayo hayajawahi kutokea hapa kwetu."

Moto wa bweni hauwapi watoto muda. Godoro la sponji likishika hutoa moshi mzito mweusi, na moshi ndio unaoua mwanzo, mwali unakuja nyuma yake. Mtoto aliyelala kitanda cha juu cha deka anaamka tayari amevuta sumu, haoni mbele, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Akiukuta umefungwa kwa nje, uhai wake unategemea mtu mzima mmoja aamke, akumbuke ufunguo uko wapi, akimbie, na gizani mikono isitetemeke mbele ya kofuli.

Juzi wazazi wa shule moja ya mkoa huu waliniomba niongozane nao kukagua bweni. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, matroni anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mlango wa pili upo, umejengwa kwenye ramani na umepakwa rangi, lakini kwa ndani umepangiwa matranka mpaka usawa wa kifua changu. Tulipoyaondoa, komeo lilikuwa limeshika kutu na halikusogea mpaka fundi alipoitwa na nyundo. Wasichana waliokuwa wakitusaidia kubeba matranka walishangaa, wengine hawakujua kama pale pana mlango.

Sasa fanya hivi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limeundwa kwa sheria ya 2007, na sheria hiyo inalipa mamlaka ya kuingia kwenye majengo, kuyakagua, kutoa cheti na kuamuru kasoro zirekebishwe. Bweni la shule ni jengo kama mengine. Mwombe mkuu wa shule akuonyeshe cheti cha ukaguzi cha mwaka huu. Usiombe kwa mdomo. Andika barua, nakala kwa Bodi ya Shule, kwa ofisi ya Zimamoto na kwa wathibiti ubora wa shule. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Ukipata wazazi wanne au watano wa kutia saini pamoja nawe, ni bora zaidi, maana hakuna atakayemnyooshea kidole binti yako peke yake.

Wakikuuliza unataka bweni liweje, usibabaike. Wenzetu Kenya, waliozika watoto 67 wa Kyanguli mwaka 2001, waliandika vipimo kwenye mwongozo wao wa usalama wa 2008: kati ya kitanda na kitanda mita 1.2, ujia wa katikati mita 2, madirisha yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa kofuli wakati watoto wamo ndani. Mwongozo huo hauzifungi shule zetu, lakini mzazi wa Mafinga anaweza kuchukua futi ya fundi akapima. Tena hata hayo yaliyoandikwa hayafanyi kazi yenyewe. Septemba 2024 moto wa bweni uliua wavulana 21 katika shule ya msingi huko Nyeri.

Hoja ya wavulana na wezi ni hoja ya kweli, siipuuzi. Nimelea wasichana. Jibu lake ni uzio, mlinzi aliye macho, taa za nje, na matroni anayelala humohumo na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Hayo yanagharimu pesa, na kofuli ni rahisi, ndiyo maana linapendwa.

La mwisho, na hili ni letu watu wa nyanda za baridi. Juni na Julai wanafunzi wa Mufindi, Njombe na Makete huingiza jiko la mkaa bwenini wakajifungia, madirisha wameyaziba kwa magunia. Mkaa unaofuka kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke hata bila ya moto kuwaka. Mpelekee blanketi la pili. Na mwambie akiona jiko limeingizwa, amwite matroni hata kama wenzake watamnunia.

Wakili, mwanangu wa darasa la sita amerudi na alama mgongoni na kwenye nyayo. Walimu watatu walipokezana kumchapa kwa kufeli hesabu. Nataka kwenda shuleni nikamwonyeshe huyo mwalimu na mimi nina mikono. Unanishauri nini? – Baba, Uyole

Baba, usiende na mikono. Nakuomba. Ukimgusa mwalimu, kesho wewe ndiye mshtakiwa, na kesi ya mtoto wako itasahauliwa.

Kwanza, leo hii, mpeleke polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, mpewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, aende hospitali. Kama hali yake ni mbaya, anza na hospitali, PF3 itafuata. Piga picha za alama kabla hazijafifia. Andika tarehe, saa, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyapambe.

Sasa sheria. Tanzania Bara kiboko shuleni bado kinaruhusiwa, wala sitakuficha kwamba naliona hilo ni jeraha kwenye sheria zetu. Lakini kinaruhusiwa ndani ya uzio mwembamba ambao shule nyingi zimeuruka kitambo. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemruhusu kwa maandishi. Vinachapwa mkononi au kwenye makalio juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina mwalimu wa kike. Adhabu ilingane na uzito wa kosa, na izingatie umri, jinsia na afya ya mtoto. Kila mara iandikwe kwenye kitabu maalumu: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, aliyechapa, na saini ya mkuu.

Soma tena ulichoniandikia. Mgongoni, kwenye nyayo, walimu watatu wakipokezana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya uzio huo. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili. Kwa hiyo jambo lako si la nidhamu ya shule tu, ni la jinai.

Ukiisha kutoka hospitali, nenda shuleni ukiwa na mtu wa pili, mjumbe wa kamati ya shule au mzee wa mtaa. Salimia. Kisha sema neno hili moja: "Naomba kuona kitabu cha viboko." Nimewaambia wazazi wengi waseme hivyo, na kinachofuata mara nyingi ni kimya. Ama kitabu hakipo, ama kipo na ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa mwaka juzi. Huo ni ushahidi wako. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisa elimu, nakala kwa Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya, hao ndio wenye mamlaka ya nidhamu juu ya mwalimu wa umma. Ukiona unazungushwa, piga 116, ni simu ya bure ya kuripoti ukatili kwa watoto.

Jiji letu hili halina haja ya kukumbushwa. Oktoba 2016 nchi nzima iliona kwenye simu video ya mwanafunzi wa sekondari ya hapa Mbeya akipigwa makofi, mateke na fimbo na walimu waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Vyuo viliwafukuza. Lakini bila ile simu iliyorekodi kwa siri, nani angemsikiliza yule kijana? Na Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alikufa Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, mkoba ambao baadaye ilibainika hakuuiba. Kwa hiyo wakikuambia "ni viboko tu vya kawaida," usikubali kurudi nyumbani.

Shule ya binafsi imenichukulia mtoto wa darasa la pili kukaa hapo. Jirani ananiambia serikali ilikataza. Shule inasema wao hawana bweni, wana "hosteli." – Mama Makambako

Jirani yako yuko sahihi. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mtoto akilala shuleni, chini ya uangalizi wa shule, kwa ada inayolipwa shule, jina la jengo halibadilishi kitu. Kama wanasema wana kibali maalumu, wakuonyeshe kwenye karatasi. Hawana? Mchukue mwanao. Najua unafanya biashara na unasafiri, na pengine ndiyo sababu ulimpeleka. Mtafutie shangazi au bibi. Mtoto wa miaka saba hajui bado kusema ni nini kimempata usiku.

Mwanangu mpendwa, mimi ni bibi. Nalea mjukuu, yuko darasa la saba. Dereva wa bodaboda anayempeleka shule amemharibu. Upande wa kijana wameleta wazee, wanataka tumalizane nyumbani, wametaja ng'ombe na pesa. Mjomba wa mtoto anataka tupokee. Mimi roho haitaki. – Bibi, Tukuyu

Shikamoo bibi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Roho yako imesema kweli, ishike hivyohivyo.

Mjukuu wako ni mtoto. Hata kama yule kijana atasema walipatana, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa mbele ya sheria. Hilo ni kubaka. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, haimilikiwi na mjomba wala na wazee wa upande ule, na hakuna idadi ya ng'ombe inayoifuta. Kama mtoto ameshika mimba, Sheria ya Elimu baada ya marekebisho ya 2016, kifungu cha 60A, inasema anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Na mwambie mjomba, kwa upole lakini kwa uwazi, kwamba wakianza kuzungumzia kumwoza mtoto ili yaishe, kifungu hichohicho kinamgusa anayesaidia au kushawishi mwanafunzi aolewe.

Bibi, la haraka kuliko polisi ni hospitali. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Hata kama muda huo umepita, mpeleke, kuna vipimo na matibabu mengine. Nguo alizovaa siku ile usizifue, zifunge kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Uliza kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono, pale daktari, polisi na ustawi wa jamii huwa mahali pamoja, mtoto hasimulii mara nne. Kama huna wa kukusindikiza, nenda kwa mtendaji wa kata au ofisa ustawi wa jamii, ni wajibu wao.

Na shule asiache. Tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango, hata msichana aliyejifungua anarudi darasani, na waraka wa elimu wa mwaka huo upo. Mwalimu akimkataa, nijulishe.

Gari la shule la mtoto wangu ni Hiace, inabeba watoto zaidi ya ishirini na tano, wanakaa kwa kupakatana. Nifanye nini? – Mzazi, Iyunga

Piga picha ya namba ya gari na ya watoto wakishuka, peleka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na kwa trafiki. Gari linalobeba wanafunzi kwa malipo lazima liwe na leseni ya kazi hiyo na lisizidishe idadi. Kisha kaeni wazazi wa njia hiyo mzungumze na shule, kwa sababu shule ikiambiwa na mzazi mmoja humjibu kwamba atafute usafiri wake. Mei 2017 ajali moja ya basi la shule kule Karatu iliondoa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Milima yetu hii ya kuteremkia mjini, na ukungu wa asubuhi, hakuna asiyeijua. Masika muulize dereva pia anapitia daraja gani: Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji jijini Arusha.

Shule inaweka picha za mwanangu kwenye Facebook, na jina na darasa. Wana haki? – Mzazi, Njombe

Hawana, kama hukukubali kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Waandikie waondoe. Wakikataa, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina, darasa na sare kwa pamoja vinamwambia mtu mbaya ni wapi amsubiri mtoto na saa ngapi.

Wakili, mimi ni mwalimu, nina mwaka wa pili kazini. Darasa langu lina watoto tisini na kitu. Wazazi wenyewe wanakuja wanasema "mwalimu, mchape huyu." Nikichapa mnatushtaki, nisipochapa darasa linanishinda. Mkuu wangu hajawahi kunipa kibali chochote kwa maandishi, anasema "simamia nidhamu." Mnatusaidiaje sisi? – Mwalimu, Vwawa

Asante kwa kuandika, kaka. Walimu wengi wananung'unika chumba cha walimu, wachache wanauliza. Nimesimama mbele ya darasa kubwa, najua saa saba mchana ikoje.

Maneno ya mzazi hayakulindi. Mzazi hana mamlaka ya kukuruhusu uvunje kanuni, na siku mtoto atakapoumia, mzazi huyohuyo ndiye atakayekuwa shahidi wa kwanza dhidi yako. Kauli ya mkuu kwamba "simamia nidhamu" haikulindi pia. Kanuni inataka maandishi, na bila maandishi kila kiboko ulichowahi kuchapa ni chako peke yako. Nimeona mwalimu kijana akipoteza kazi huku mkuu wake akiapa kwamba hakumtuma.

Kwa hiyo mwandikie mkuu wako barua fupi wiki hii. Sema unaomba maelekezo ya maandishi kuhusu utaratibu wa nidhamu, unaomba kujua kitabu cha adhabu kinatunzwa wapi, na unaomba kujua walimu wa ushauri na unasihi wa shule ni akina nani. Sekondari hilo si ombi la ajabu: mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ulioidhinishiwa fedha mwaka 2020 una mpango wa Shule Salama, na walimu wa unasihi ni sehemu yake. Serikali inahimiza pia kila shule, ya msingi na ya sekondari, iwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Kama shule yenu haina, jitolee kulianzisha. Wewe ni kijana, watoto watakuja kwako kabla hawajaenda kwa mkuu.

Mtoto anayekusumbua, andika anachofanya na siku anayofanya. Mwite mzazi wake mbele ya mwalimu wa pili. Mara nyingi utakuta hajala, au usiku halali nyumbani kwa ugomvi wa wazazi, au haoni ubaoni. Hao tisini wote huwezi, lakini wanaovuruga darasa kwa kweli huwa watano au sita. Anza na hao. Na ukipewa fimbo mkononi na mwenzako mstarini, mbele ya shule nzima, ukaambiwa upokee zamu, irudishe kwake.